Mafuriko Yanahesabiwa, Kujinyanyua Hakuhesabiwi

Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba mvua za msimu ule, zilizochochewa na El Nino, zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 zilikuwa zimeathirika. Takwimu za namna hiyo hupanda ngazi inayojulikana: mtendaji wa kijiji huandika, kata hujumlisha, kamati ya maafa ya wilaya huhakiki, mkoa hupeleka Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni kazi ya lazima, na bila hiyo hakuna mahindi ya msaada wala hema litakalofika. Lakini lipo swali ambalo hesabu hiyo haiwezi kulijibu hata ikifanywa kwa uangalifu wote. Mwaka mmoja baadaye, ngapi kati ya kaya hizo zilikuwa zimerudi katika hali iliyokuwapo kabla ya maji? Ngapi zilirudi nusu? Ngapi hazikuwepo tena pale zilipoandikwa?

Makala haya yanalifuata swali hilo hadi Wilaya ya Sikonge, kilomita kama 70 kusini mwa mji wa Tabora. Sikonge imechaguliwa kwa sababu mafuriko yake si ya kutisha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita katikati ya mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Taifa zima lilisimama. Sikonge maji hayaji hivyo. Wilaya iko juu ya uwanda wa magharibi, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo ardhi karibu haina mteremko. Mito yake, Wala, Ugalla na Koga, hupungua kiangazi hadi mingine ikabaki mfululizo wa madimbwi. Ikijaa masika huvunja kingo na kutanda kwenye mbuga, yale mabonde mapana ya udongo mweusi, na maji yakasimama kwa majuma. Hayabebi watu. Yanakaa tu. Ndiyo maana hayafiki kwenye taarifa ya habari, na ndiyo maana madhara yake hayana budi kutafutwa kwa kipimo kingine kabisa.

Kwanza, je, maji yenyewe yameongezeka? Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa siku hizi kila mvua kubwa huandikwa kwenye hesabu ya tabianchi bila ushahidi. Fizikia ya msingi haina ubishi: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo hauna pa kwenda isipokuwa kushuka. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichambua mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Kenya, Somalia na Ethiopia, likahitimisha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wake hadi karibu mara mbili. Kundi hilohilo lilipochambua mvua za masika ya 2024, mchango uliopatikana ulikuwa mdogo zaidi, kama asilimia 5. Tofauti hiyo kubwa ndani ya miezi michache inatosha kumwonya yeyote anayetaka jibu moja kwa mvua zote. Zaidi ya hapo, uchambuzi wa 2023 ulihusu maeneo yenye misimu miwili ya mvua. Tabora ina mmoja, Novemba hadi Aprili, na kuihamishia matokeo hayo moja kwa moja ni makosa.

Kinachoweza kusemwa kwa usalama ni kidogo, lakini kinatosha kutia hofu. Vuli kubwa za kihistoria Afrika Mashariki hufuatana na hali moja ya bahari: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko mashariki yake, na hali hiyo mara nyingi huja sambamba na El Nino. Miaka inayokumbukwa zaidi ni 1961, kisha 1997, 2006, 2019 na 2023. Kati ya mmoja na mwingine ilipita miaka 36, halafu 9, halafu 13, halafu 4. Nafasi nne hazithibitishi mwelekeo, na mtaalamu wa takwimu angekataa kuchora mstari juu yake. Ila kaya haiishi ndani ya mstari wa takwimu. Kaya inaishi ndani ya nafasi ile ya mwisho, miaka minne, na kinachoamua hatima yake ni kama miaka hiyo inatosha kusimama tena.

Ili kujua muda gani unatosha, ni lazima kuangalia kinachoharibika. Chukua bani, kile chumba cha kukaushia tumbaku kinachoonekana nyuma ya nyumba nyingi katika kata za Tutuo, Pangale au Kiloleli. Kuta zake aghalabu ni za tofali mbichi, mdomo wa tanuru uko usawa wa ardhi, na bomba la joto limelazwa chini ya fito zinazotundikwa majani. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kuzima tanuru. Yakikaa siku tatu, tofali za safu ya chini hunywa maji na kulegea. Ukuta unaweza kubaki umesimama hadi jua litoke, kisha ukapasuka kuanzia kwenye pembe wakati wa kukauka. Mtendaji aliyepita na daftari lake siku ya pili aliandika bani zima. Hakudanganya.

Shambani hali ni hiyohiyo. Tumbaku ni miongoni mwa mazao yasiyovumilia kabisa maji yaliyosimama: mizizi ikikosa hewa kwa siku moja au mbili, mmea hunyauka jua linaporudi, ingawa udongo umejaa maji. Hata ule unaopona umeshapoteza mbolea, kwa kuwa naitrojeni huoshwa na kushuka chini ya mizizi. Jani linakuwa jepesi na la rangi hafifu, na sokoni linashushwa daraja. Hakuna safu ya daftari la maafa inayoandika daraja lililoshuka. Kwa upande mwingine, maji yaleyale yakiingia kwenye majaruba ya mpunga mbugani kwa kina cha wastani ni neema. Kwa hiyo hata ekari zilizofurika, takwimu inayoonekana kuwa ya uhakika kuliko zote, zinachanganya hasara na faida katika jumla moja.

Mkulima wa tumbaku halimi kwa fedha yake. Mbolea ya NPK na CAN, mbegu na dawa huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, na deni hukatwa mauzo yanapofanyika. Mkopo una dhamana ya pamoja: mwanachama akishindwa, wenzake hubeba. Utaratibu huu ulibuniwa kuzuia wakwepaji, na katika mwaka wa kawaida unafanya kazi hiyo. Katika mwaka wa maji unageuka kuwa mfereji. Mashamba ya wanachama ishirini walioko kando ya mbuga yakizama mwezi Februari, makato yanawafikia wanachama wengine mia walioko kwenye miinuko, ambao hawakupata hata tone la ziada. Orodha ya waathirika ina majina ishirini. Waliopoteza fedha ni mia na ishirini. Na deni lililobaki linahamia msimu ujao, likapunguza kiasi cha mbolea ambacho chama kinaweza kukopeshwa, hivyo mavuno ya mwaka wa pili, wenye mvua nzuri, nayo yanapungua. Maji yameshakauka zamani, hasara bado inatembea.

Sasa weka hayo katika hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, zimechaguliwa ili mwenendo uonekane. Kaya ina mali yenye thamani ya 100: bani, ng'ombe wawili, mizinga ya nyuki, baiskeli, akiba ya chakula. Mafuriko yanachukua asilimia 30, zinabaki 70. Kaya inajitahidi na kukuza mali yake kwa asilimia 8 kwa mwaka, kasi ambayo kwa mkulima mdogo si ya kudharauliwa. Itahitaji miaka minne na miezi karibu nane kurudi kwenye 100. Mafuriko yakirudi baada ya miaka mitano, kaya itakuwa imefika karibu 103: imepona, na imeongeza kidogo. Yakirudi baada ya miaka mitatu, itakuwa imefika 88. Pigo la pili linaishusha hadi 62. Miaka mitatu inaipandisha hadi 78. Pigo la tatu, 54. Miaka mitatu, 69. Mvua haikuwa kali kuliko ya kwanza. Bidii haikupungua. Kilichobadilika ni miaka miwili ya nafasi, na miaka miwili hiyo imetenganisha kaya inayopanda polepole na kaya inayoteremka bila kikomo.

Angalia namba hizo tena kwa jicho la mwandishi wa taarifa ya maafa. Pigo la kwanza: hasara 30. La pili, asilimia 30 ya 88: hasara 26. La tatu, asilimia 30 ya 78: hasara 23. Jedwali linaonyesha hasara ikipungua kutoka tukio hadi tukio, na msomaji wake makini, awe ofisini Dodoma au kwa mfadhili Geneva, ana haki ya kuandika kwamba jamii inazidi kuwa stahimilivu. Ukweli ni kwamba jamii inazidi kuwa na vichache vya kupoteza. Kipimo cha hasara, kikitumiwa peke yake, hakishindwi tu kuona kuporomoka. Kinakuandika kuwa ni maendeleo. Huu ndio moyo wa tatizo, na si tatizo la Sikonge pekee.

Mpango wa Sendai wa kupunguza athari za maafa, ambao Tanzania na nchi nyingine wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliupitisha mwaka 2015, una malengo 7 na viashiria 38. Vinahesabu vifo, waliopotea, waliojeruhiwa, nyumba zilizobomoka, hasara kwa fedha, huduma zilizokatika, mikakati iliyoandikwa, mifumo ya tahadhari. Kujenga upya kwa ubora zaidi ni sehemu ya mojawapo ya vipaumbele vyake vinne. Hata hivyo hakuna kiashiria kinachouliza ilichukua muda gani mtu kurudi alipokuwa, au kama alirudi.

Zana za kisasa zaidi zina mipaka yake. Setilaiti za Sentinel-1, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, hupiga picha kwa rada na huona maji hata chini ya mawingu mazito. Lakini mawimbi yake hupenya kwa shida majani ya miombo, na sehemu kubwa ya Sikonge ni misitu. Maji yaliyosimama chini ya miti yanaweza yasionekane. Watafiti wengine hupima mji kurejea kwa mwanga wa usiku unaoonekana kutoka angani. Kijiji ambacho kaya nyingi hazina umeme hakiwezi kuzimika wala kuwaka mbele ya macho hayo. Kuna pia faharasa zinazochambua rasilimali za jamii katika makundi matano: watu, mahusiano, mazingira, miundombinu na fedha. Zinasaidia kujua kaya ina nini kabla ya maji. Hazisemi itafanya nini baada yake, kwa sababu ng'ombe anayehesabiwa kuwa kinga ndiye huyohuyo atakayeuzwa mnadani siku ambayo kila jirani naye anauza wake, na bei itashuka kwa sababu hiyo hasa.

Jaribio lenye kuvutia lilifanyika Tanzania yenyewe. Lindsey Jones, Emma Samman na Patrick Vinck, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliacha kuhesabu mali na badala yake waliwauliza wananchi, kwa sampuli ya kitaifa, wanaonaje uwezo wa kaya zao kujiandaa, kujinyanyua na kubadilika iwapo mafuriko yatatokea. Faida yake ni wazi: anayejua deni la siri, ndugu wa kutegemewa na shamba la akiba ni mwenye kaya. Udhaifu wake nao ni wazi: aliyezoea kuporomoka hushusha matarajio, na aliyerudi kwenye 69 anaweza kujibu kwa moyo safi kwamba amepona.

Ipo sababu nyingine ya nafasi ya kupona kuwa finyu Sikonge, nayo haitoki angani. Katika karne ya 19, misafara ilipopita Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda Ujiji au kushuka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo, njia aliyoifuata msafiri Henry Morton Stanley mwaka 1871 kukwepa vita vya mtemi Mirambo, wapagazi wa Kinyamwezi walipendelea kusafiri kiangazi ili warudi kulima mvua zinapoanza. Makazi nayo yalihama: ardhi ikichoka au mto ukizidi, watu walisogea. Kuhama ndiko kulikokuwa bima. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa misitu ya magharibi katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikawapanga watu katika vijiji vya kudumu, mara nyingi kando ya barabara. Maeneo makubwa ya misitu yakabaki hifadhi. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, nyingine nzuri: shule, zahanati na visima havijengwi kwa watu wanaohama. Ila matokeo yake kwa pamoja ni kwamba njia ya kusogea imefungwa wakati idadi ya watu wa Mkoa wa Tabora imepanda kutoka 2,291,623 katika sensa ya 2012 hadi 3,391,679 katika ile ya 2022. Anayehitaji shamba leo hupata lililobaki, na lililobaki mara nyingi liko karibu na mbuga.

Baada ya maji, kaya iliyokosa tumbaku hutafuta fedha ya haraka, na fedha ya haraka Sikonge iko msituni: mkaa, mbao, kuni za kukaushia tumbaku ya jirani, magome ya mizinga mipya. Kwa mwaka mmoja msitu huokoa. Lakini mti uliokatwa kwenye mwinuko ni maji yasiyozuiwa msimu unaofuata, na ni maua ambayo nyuki hawatayapata. Kaya inajinyanyua leo kwa kukopa kwenye kile kitakachoiangusha kesho. Kipimo kinachoishia miezi sita baada ya mafuriko kitaiandika kaya hiyo kuwa imefaulu.

Wala si lazima maji yawe ya Sikonge. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko ya Kilosa yaliharibu Reli ya Kati katika bonde la Mkondoa, na treni zikasimama kwa miezi. Tabora iko zaidi ya kilomita 500 kutoka pale kwa njia ya reli, lakini shehena nyingi, kuanzia saruji hadi chumvi, zilitegemea njia hiyo. Barabara ya lami ya Tabora–Koga–Mpanda, zaidi ya kilomita 340, iliyozinduliwa Mei 2022, imeipunguzia wilaya utegemezi huo na kuondoa tope lililokuwa likifunga safari za Mpanda kila masika. Hilo ni jambo kubwa na linastahili kuhesabiwa upande wa uwezo. Barabara hiyo pia hupeleka mkaa sokoni haraka zaidi. Hesabu ya kweli ingeandika yote mawili.

Kipimo kinachofaa hakihitaji teknolojia ya kigeni. Kinahitaji kurudi. Kaya zilizoandikwa mwezi wa maji zitembelewe tena baada ya miezi 6, 12, 24 na 36, na pamoja nazo kaya jirani ambazo hazikufurika, maana bei ya tumbaku ikianguka mwaka huohuo wote watashuka na maji yatasingiziwa. Maswali ni machache: deni la AMCOS limebaki kiasi gani, mlo kwa siku, watoto walioacha shule, ng'ombe na mizinga iliyopo, bani limejengwa upya kwa tofali gani, nani ameondoka. La mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kaya iliyoshindwa kabisa huhama, na ikihama hutoka kwenye sampuli, kwa hiyo kijiji huonekana kimepona kwa sababu walioanguka hawapo tena kuulizwa. Sehemu kubwa ya majibu tayari imeandikwa: kwenye leja za vyama vya msingi, rejista za shule, vitabu vya taarifa za afya (MTUHA) vya zahanati. Vitabu hivyo vinatunzwa na ofisi tofauti, na kila ofisi husoma chake.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeunda kamati kuanzia taifa hadi kijiji, kwa hiyo watu wa kuifanya kazi hii wapo na wana mamlaka. Halmashauri inayotaka kuanza isingoje mradi wala mtaalamu. Imtume mtendaji yuleyule, na orodha ileile aliyoiandika mwaka wa maji, kwa kaya zilezile, na kwa zile asizozikuta aulize zilikokwenda.